Makala Juu ya Makala

Mwalimu wetu wa utunzi alituagiza tulete makala ya kurasa chache kuhusu jambo la nyumbani. Nilipofika kwetu Mabanga nikamwambia mama kwamba nina makala ya kuandika kabla ya Ijumaa. Alikuwa anapima ndoo ya mteja, mikono myeusi hadi viwikoni. Akasema bila kugeuka: "Makala gani tena? Kila mufuko hapa uko na mutu yake."

Wasomaji wa Goma hawahitaji maelezo. Kwa wale wa mbali niseme tu kwamba makala ya vitabuni, yaani maandishi, kwetu hayatoki nje ya mlango wa darasa. Makala ya Goma ni mkaa. Mama anauza makala tangu mimi niko darasa la tatu la msingi, na kila karatasi ambayo nimewahi kuiandikia imelipiwa na vumbi lile. Kwa hiyo haya ni makala juu ya makala, na juu ya dola 85 nilizomshawishi azitoe ili nyumba yetu iache kuyatumia kuchemshia maji.

Goma iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anayedhani Kongo yote ni joto alale hapa usiku mmoja, kisha alfajiri ajimwagie maji yaliyolala nje kwenye pipa. Wavulana wa nyumbani huoga maji hayo, wakipiga kelele. Koko, mama mzazi wa baba, hawezi. Magoti yake yanauma na bila maji ya moto asubuhi hainuki kitandani. Wadogo wawili nao huogeshwa kwa maji ya moto, na mama akirudi jioni na vumbi lake hataki baridi. Watu wanne, kila siku.

Na aliyewasha moto ni mimi, binti wa kwanza. Saa kumi na moja alfajiri natoka na mbabula uani, napanga makala, natafuta karatasi kavu, napepea kwa kifuniko cha ndoo. Sufuria kubwa inachukua karibu nusu saa hadi ichemke. Kisha tunachukua maji yale tuliyohangaika kuyachemsha na kuyatia ya baridi, maana hakuna anayeoga maji yanayochemka. Chuoni nilijifunza neno la kitendo hicho: kuzimua. Nililipenda sana. Nyumbani tulikuwa tunakifanya kila siku na hatukuwa na neno lake, tulisema "changa na ya baridi".

Neno hilo ndilo lililonitia katika matatizo. Nilianza kujiuliza: kwa nini tupandishe maji hadi nyuzi karibu 95 (huku juu hayafiki 100) halafu tuyashushe hadi 40? Mwanafunzi wa fizikia angenijibu kwamba kuchanganya peke yake hakupotezi kitu, joto la sufuria linahamia kwenye maji ya baridi. Ni kweli. Lakini mvuke uliotoka umekwenda zake, pande za sufuria zimepasha ua mzima, na mbabula inaendelea kuwaka baada ya maji kutolewa. Sehemu kubwa ya joto la makala kwenye mbabula ya bati haiingii kamwe kwenye sufuria. Ndiyo maana miradi ya majiko bora imepita Goma kwa miaka mingi.

Baba mdogo anayeishi Himbi ana mashine ya tangi, lita 80, imening'inizwa ukutani. Nilipokwenda kwake nilidhani nimeona dawa, lakini yeye mwenyewe alinikatisha tamaa. Tangi linapasha maji, yanapoa, linapasha tena, usiku kucha, hata kama hakuna anayeoga. Mita inahesabu na wenyewe wamelala. Kaka yangu aliyekuwa Kampala ndiye aliyeniambia kwa simu kuhusu zile zisizo na tangi. Ni kikombe kikubwa cha plastiki kinachofungwa kwenye mdomo wa bomba la kuogea, ndani yake kuna waya uliozungushwa. Ukifungua maji, msukumo wao unasukuma kiwambo kidogo na umeme unawaka. Ukifunga, unazimika. Yanapashwa maji yale tu yanayoanguka mwilini, kwa dakika zile tu unazooga. Hakuna cha kuzimua.

Nikachukua daftari la isimu na kugeuza ukurasa wa mwisho. Watu 4, kila mmoja lita 10, ni lita 40 kwa siku. Kuzipandisha nyuzi 20 kunataka takriban uniti 0.93 ya umeme. Kwa bei tuliyokuwa tunalipa wakati huo, karibu robo ya dola kwa uniti, ni dola 7 kwa mwezi. Upande wa pili niliandika nusu mfuko wa makala kwa mwezi, na mfuko ulikuwa dola 30, kwa hiyo dola 15. Faida dola 8 kila mwezi. Mashine dola 40, waya na swichi 30, fundi 15, jumla 85. Ndani ya miezi 11 itakuwa imejilipa, na kuanzia hapo ni faida tupu. Nilipigia mstari "faida tupu" mara mbili.

Nilimsomea mama jioni. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema: "Ile tunachomaka hapa ni vumbi na vipande. Hakuna mutu ananunua. Andika na iyo."

Sikuandika. Nilimjibu kwamba bei ni bei, mkaa ni mkaa. Nikaongeza hoja nyingine, ya msitu. Nilimkumbusha kwamba sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga, na kwamba mwaka 2007 sokwe wa milimani waliuawa humo na wengi wakahusisha mauaji yale na biashara ya makala. Nilimtajia mradi wa EcoMakala wa WWF, ambao umewasaidia wakulima kupanda miti ya kuchoma mkaa ili msitu wa hifadhi upumzike. Yote hayo ni kweli na bado nayaamini. Lakini kumwambia mama yangu, ambaye anasubiri mifuko usiku barabarani ili mimi nisome, ilikuwa utovu wa adabu uliovaa nguo za elimu. Alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili: "Sokwe nawahurumia. Na minervali yako, nani atalipa?"

Na jambo ambalo sikumwambia, wala sikuliweka kwenye daftari, ni kwamba nilichoka kuamka saa kumi na moja.

Mama alikuwa kwenye likelemba ya akina mama kumi wa soko. Zamu yake ilifika mwezi wa tano, dola 100. Fedha ile ilikuwa imepangwa: sehemu kubwa ilikuwa minervali yangu. Nilimwambia kwamba kitivo kitasubiri kidogo, nitalipa kwa faida ya mashine na kazi ya kufundisha watoto wa jirani. Baba alisema jambo la wanawake waamue wanawake. Koko, ambaye tulidhani halali wala hasikii, alisema kutoka chumbani: "Muke mwenzangu anataka nioge kama Mzungu. Mumuache." Mama akanihesabia noti 85, moja moja, na kila moja aliigeuza kuangalia kama haijachanika. Mnajua Goma na dola iliyochanika.

Mashine ilikuja na karatasi ya maelezo ya Kireno na Kihispania. Imetengenezwa Brazili, nchi ambayo mashine za namna hii ni kitu cha kila nyumba. Mimi, mwanafunzi wa lugha, niliona fahari kukaa na karatasi ile na Kifaransa changu nikitafuta maneno yanayofanana. Swichi ya mashine ilikuwa na sehemu tatu: imezimwa, kiangazi, kipupwe. Nilicheka. Sisi tuna masika na kiangazi, lakini hakuna msimu wowote wa Goma ambao mtu angehitaji kupangia swichi. Niliamua kwamba Goma, kwa asubuhi zake, ni kipupwe mwaka mzima.

Kwanza maji. Bomba letu la uani hutoa maji usiku, siku mbili au tatu kwa wiki, na msukumo wake ni wa mtoto anayetema mate. Kaka zangu walijenga jukwaa la mbao juu ya choo na kupandisha pipa la lita 200, karibu meta mbili juu ya kichwa cha anayeoga. Bila urefu ule kiwambo hakisukumwi na mashine haiwaki. Nani atajaza pipa? Wavulana, kwa bidoni, ngazi mkononi. Hilo pia halikuwa kwenye daftari langu, ila wao walilikumbuka kila siku.

Kisha umeme. Fundi wa mtaa alikuja, akavuta waya, akafunga, akapokea dola zake 15 na kwenda. Nikaweka kipupwe, nikafungua maji, na nyumba nzima ikawa giza. Sisi na chumba cha mpangaji. Mashine kwenye kipupwe inataka wati 5,500. Gawanya kwa volti 220 upate ampea 25. Kwenye dijonkteri yetu, ile swichi kubwa inayojikata yenyewe, imeandikwa 15. Namba ile ilikuwa ukutani tangu tuhamie, nimepita mbele yake maelfu ya mara. Nilijua kuhesabu uniti za mwezi mzima, sikujua kwamba waya una koo, na koo lina upana wake.

Tukarudi kiangazi. Wati 3,000, chini kidogo ya ampea 14, inapita kama pasi haipo, redio haipo na taa za mpangaji si nyingi. Kwa nguvu hiyo ukitaka nyuzi 20 za ziada lazima maji yatoke lita 2 tu kwa dakika, uzi mwembamba. Ukifungua zaidi, baridi. Ukifunga kidogo mno, kiwambo kinalegea na inazimika. Tulitafuta mahali pa katikati siku mbili, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, kisha tukapaka alama kwa rangi ya kucha kwenye bomba.

Siku ya tatu aliingia mdogo wangu wa miaka tisa. Tukasikia amepiga ukelele, si ule wa maji baridi. Alikuwa amegusa bomba la chuma na mkono ukatetemeka hadi bega. Alitoka analia, hai, sabuni masikioni. Mama aliingia bafuni na viatu vya mpira, akazima kila kitu, akatoka na kusema kwamba hakuna mtoto wake atakayekufa kwa kuoga. Hakunigombeza. Alichukua mbabula, akaipeleka uani, akaanza kupanga makala yeye mwenyewe. Ningependa angenigombeza.

Wiki mbili mashine ilikaa kimya. Minervali haikulipwa, na sheria ya mitihani mnaijua: asiyelipa haingii. Niliwaona wenzangu wakiingia sesheni ya kwanza, mimi niko nje ya uzio na kalamu mfukoni.

Fundi wa pili alikuwa mzee aliyefanya kazi ya umeme tangu zamani za Zaire. Alitazama dakika moja, akauliza: "Waya wa ardhi uko wapi?" Haukuwapo. Yule wa kwanza aliukata na kuuficha nyuma ya mashine. Waya wa ardhi ndio unaobeba umeme unaovuja na kuupeleka udongoni badala ya kuupitisha mtoto. Lakini Goma, udongo uko wapi? Mtaa wetu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Volkano ile imekwisha kuingia mjini mbele ya macho yetu: 17 Januari 2002 mto wa moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na 22 Mei 2021 ulishuka tena ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Tunajenga juu ya mawe meusi yaliyopoa, na jiwe kavu halipokei umeme vizuri. Mzee alijaribu kupigilia fimbo ya chuma mara tatu, ikapinda mara tatu.

Akatafuta kuzunguka ua hadi nyuma ya mgomba wa koko, mahali pekee penye udongo, kwa kuwa koko mwenyewe aliukusanya kwa karai miaka iliyopita. Akaomba shimo hadi kifuani. Wavulana walichimba siku nzima. Kisha akasema anahitaji chumvi, na makala.

"Makala ya nini?" mama akauliza.

Mzee akaeleza kwamba chumvi na makala yaliyosagwa huzungushwa kwenye fimbo, huhifadhi unyevu na kuusaidia umeme kuingia ardhini. Mama alisimama kidogo. Akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na gunia la vumbi lile lile, lile ambalo hakuna mtu anayenunua, akalimimina mwenyewe shimoni. Akamwangalia mzee na kusema: "Iyi napo, yeye hakuandika." Tangu siku hiyo maji ya kuoshea vyombo tunamwaga kwenye mgomba, ili shimo lisikauke.

Mashine ikawaka. Koko aliogeshwa wa kwanza, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alikaa chini ya uzi ule wa maji vuguvugu hadi mpangaji akagonga mlango kuuliza kwa nini taa zinafifia.

Sasa hesabu, maana ndiyo niliyoahidi. Mwezi wa kwanza kamili nilikagua mita kila jioni. Mashine haikula dola 7. Ilikula 11. Wavulana, ambao miaka yote waliapa kwamba maji baridi ni dawa ya mwili, waligundua ya moto. Hata baba, ambaye alikuwa anaoga kazini. Kitu kikiwa rahisi kinatumiwa zaidi, na binti aliyepanga hesabu ya watu wanne alijikuta na watu wanane. Makala nayo hayakupungua nusu mfuko. Moto wa alfajiri ulikuwa unachemsha maji, kisha unapokea sufuria ya maharage, kisha koko anaota mikono. Maharage bado yanahitaji moto wao. Nilikuwa nimeihesabia sufuria ya maji mbabula nzima, kumbe ilikuwa inapanda gari la maharage bila nauli. Na makala yenyewe, kama mama alivyosema, yalikuwa vumbi. Kwa bei ya vumbi sijui tulikuwa tunaokoa nini.

Tukakaa kikao. Tukaweka zamu: koko na wadogo kila siku, wengine mara mbili kwa wiki, dakika tano, mdogo wa miaka tisa ndiye mwenye saa na hana huruma. Gharama ikarudi kwenye dola 6. Kilichopatikana waziwazi si fedha, ni saa moja yangu ya alfajiri. Katika saa hiyo nilisoma fonolojia iliyonivusha sesheni ya pili, baada ya mama kulipa minervali kwa deni la soko. Mtu mwenye daftari safi anaweza kuipa saa ile bei. Mimi nimejaribu nikaacha.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini. Umeme na maji vilikatika siku kadhaa. Watu walishuka ziwani na bidoni, wengine chini ya risasi. Pipa letu la juu tuliligeuza la kunywa, tukachemsha kila tone. Uniti zilizobaki kwenye mita hazikuwa na maana, na kilichotutunza ni mifuko miwili aliyokuwa nayo mama. Mmoja aliuuza kwa ndoo kwa majirani, kwa bei ya juzi yake, ingawa wengine mtaani walikuwa wamepandisha. Wa pili aliufunga akaukalia. Kila alfajiri niliamka saa kumi na moja, nikatoa mbabula, nikapepea kwa kifuniko. Koko aliogea kwenye karai chumbani, mbali na dirisha. Nilimzimulia maji na yeye akaingiza kidole kupima, kama zamani.

Umeme ulirudi usiku. Tulijua kwa sababu redio ya mpangaji ilianza kusema peke yake. Asubuhi nilichelewa kuamka, na nilipotoka nikamkuta mama ameshawasha mbabula, sufuria ya maharage iko juu, na kando yake birika la maji.

"Umeme umerudi, mama," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Enda ukajaze pipa."